Hewa ya Wilson haimjui mheshimiwa

Wiki hii siandiki kuhusu bei ya unga wala nani kahamia chama gani, ingawa mtaona siasa imeingia tu kabla hatujamaliza, manake hapa kwetu kila njia hupitia huko. Nataka tuongee kuhusu ndege ndogo. Zile za propela moja au mbili zinazopaa pale uwanja wa Wilson kutwa nzima na kupita juu ya mabati yetu mpaka mtu unanyamaza kwenye simu ili zipite kwanza.

Mimi nimekulia chini ya njia hiyo ya ndege. Nilipomaliza kidato cha nne karo ya chuo haikupatikana, nikawa nashinda saiba nikisoma chochote kinachofunguka, na jioni nakwenda kusimama kwenye ua wa Wilson kuangalia. Binamu yangu alikuwa akipakia mizigo pale ndani. Kwa hiyo mengi ya leo nimeyatoa sehemu mbili: kwenye ripoti nilizosoma usiku kwa bei ya punguzo, na kwa binamu yangu ambaye hajasoma ripoti yoyote lakini amebeba mabegi ya watu kwa miaka sita.

Kilichonisukuma kuandika ni mwaka 2025. Tarehe 7 Agosti ndege ndogo ya jeti ya huduma za matibabu ilipaa kutoka Wilson ikaanguka Mwihoko, Kiambu. Watu sita wakafa, na wawili kati yao hawakuwa hata ndani ya ndege. Tarehe 28 Oktoba Cessna Caravan iliyotoka Diani kwenda Maasai Mara ikaanguka Kwale, watu 11 wakafa. Sababu za ajali hizo ni kazi ya wachunguzi, sizigusi hapa. Na hiyo ya Kwale ilikuwa pwani, ambako hewa ni nzito, kwa hiyo haihusiani na ninayotaka kuwaeleza leo.

Ninachogusa ni mazungumzo yetu. Siku zote mbili nilikuwa saiba. Kabla hata majina ya marehemu hayajatolewa, jamaa wa kompyuta ya pembeni alishaanza: "Hapo kuna mtu." Hivyo hivyo tulivyosema Juni 2012 helikopta ya Profesa Saitoti na Orwa Ojodeh ilipoanguka msitu wa Ngong ikaua watu sita. Hivyo hivyo tulivyosema Aprili 2024 alipokufa Jenerali Ogolla. Swali letu huwa ni moja tu: nani? Mimi nasema kuna swali lingine ambalo hatuliulizi kabisa, nalo ni: ngapi? Kilo ngapi, joto nyuzi ngapi, njia ya kurukia mita ngapi, uwanja uko juu ya bahari futi ngapi?

Injini nayo ina mapafu

Tuanze na kitu mnachokijua. Kwa nini wanariadha wa dunia nzima wanakuja kufanya mazoezi Iten? Kwa sababu Iten iko mita 2,400 hivi juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyembamba. Mchukue kijana wa Likoni anayecheza mpira dakika tisini bila kuchoka, mpeleke Iten kesho asubuhi, mwambie akimbie. Baada ya mzunguko mmoja ameshika magoti. Miguu ni ile ile na moyo ni ule ule. Kilichopungua ni hewa inayoingia kifuani kila anapovuta pumzi.

Sasa injini ya ndege ndogo ndiyo huyo kijana wa Likoni. Inavuta hewa, inaichanganya na mafuta, inachoma. Ile ya kawaida, isiyo na kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza takriban asilimia tatu ya nguvu kwa kila futi 1,000 unazopanda. Na si injini peke yake. Propela inafanya kazi kwa kusukuma hewa nyuma. Hewa ikiwa nyembamba, haina cha kutosha cha kusukuma. Bawa nalo linabebwa na hewa hiyo hiyo. Kwa hiyo rubani anayeruka kutoka uwanja wa juu anaibiwa mara tatu kwa wakati mmoja: nguvu ya injini, msukumo wa propela na ubebaji wa bawa.

Wilson iko futi 5,546 juu ya bahari, yaani mita 1,690. Hiyo ni namba ya ardhi, haibadiliki. Lakini ndege haisomi ramani, inahisi hewa tu. Na hewa ikipata joto hutanuka na kuwa nyembamba zaidi, kana kwamba umeupandisha uwanja wenyewe mlimani. Marubani hukokotoa namba hiyo ya pili, ule mwinuko ambao ndege inauhisi. Tuuite mwinuko wa hewa. Hesabu yake hata mimi niliyepata C ya hisabati naiweza.

Kiwango cha kawaida kinachotumika duniani ni nyuzi 15 usawa wa bahari, na joto linapungua kama nyuzi 2 kwa kila futi 1,000. Kwa hiyo kwa vitabu, Wilson ingepaswa kuwa na nyuzi 4. Lini umeiona Nairobi ina nyuzi 4 saa saba mchana? Tuseme ni siku ya kawaida ya Februari, nyuzi 26. Hapo tumezidi kwa nyuzi 22, na kila nyuzi moja ya ziada huongeza kama futi 120. Zidisha: futi 2,640. Jumlisha na zile 5,546 na unapita futi 8,000, inaweza kupungua au kuongezeka kidogo kutegemea mgandamizo wa hewa wa siku hiyo.

Futi 8,000 na kitu ni juu ya Iten. Yaani ndege imeegeshwa Lang'ata, karibu na wauza mahindi choma, lakini kwa mujibu wa mapafu yake iko Iten na bado inapanda. Cessna 172 yenye injini ya nguvu za farasi 160 hapo inabaki na kama 120. Umbali inaouhitaji kupaa na kuvuka miti iliyo mwisho wa njia unafika maradufu ya ule wa usawa wa bahari, na kasi yake ya kupanda inashuka hadi kama nusu. Ndege ni ile ile, rubani ni yule yule, na abiria ni wale wale wanne wenye vitambi vyao.

Mitego mitatu

Mtego wa kwanza ni wa mafuta. Rubani aliyezoea Malindi au Ukunda akija Wilson, mkono wake umezoea kusukuma kila kitu mbele hadi mwisho wakati wa kupaa. Lakini ndani ya Cessna kuna kitufe chekundu kinachopima mafuta yanayochanganyika na hewa. Huku juu hewa imepungua, ukiacha mafuta mengi vile vile mchanganyiko unakuwa na mafuta kupita kiasi. Ni kama jiko la utambi ulilolipandisha sana: moshi mwingi, moto kidogo. Huku juu kupunguza mafuta ndiko kunakoirudishia injini nguvu. Mtu usipoambiwa huwezi kuliamini.

Mtego wa pili ni wa macho. Mshale wa kasi ndani ya ndege hausomi mwendo wako juu ya lami, unasoma hewa inavyoligonga bawa. Kwenye hewa nyembamba, ili mshale ufike namba ile ile ya kupaa, ndege lazima iwe inakimbia zaidi ardhini. Kwa mwinuko wa hewa wa futi 8,000 tofauti ni kama asilimia 13. Rubani mgeni anaona nyasi za pembeni zinapita mbio, anahisi kasi imetosha, anavuta usukani kabla ya wakati. Kutua vile vile: unagusa chini ukiwa na mwendo mkubwa kuliko ulivyozoea, na breki zinakula njia ndefu zaidi.

Mtego wa tatu ndio mbaya kuliko yote. Ndege ikiwa karibu sana na ardhi hubebwa kirahisi zaidi, kana kwamba kuna godoro la hewa kati ya mabawa na lami. Kwa hiyo ndege iliyozidiwa uzito inaweza kabisa kuinuka. Abiria wanapiga makofi. Halafu inafika kimo cha nyumba ya ghorofa moja na kugoma pale. Haipandi tena. Njia ya kurukia imeisha nyuma, miti iko mbele, na rubani akijaribu kuiinua pua kwa nguvu, bawa linaacha kubeba na ndege inadondoka.

Kuna video ya jambo hili, iliyopigwa kutoka ndani ya ndege yenyewe, imezunguka mtandaoni miaka mingi. Ni ya tarehe 30 Juni 2012, kwenye kiwanja cha Bruce Meadows jimbo la Idaho, Marekani. Ni kiwanja cha nyasi kilicho zaidi ya futi 6,000 juu ya bahari. Ndege ni Stinson ya zamani yenye watu wanne, mchana wa joto. Inakimbia na kukimbia mpaka unaanza kuchoka wewe unayetazama. Inainuka, inarudi chini, inainuka tena. Halafu inaelea juu ya miti kama mtu anayetembea kwa vidole, haipandi, haipandi, mpaka inaingia kwenye misonobari. Wote wanne walitoka hai, rubani akiwa ameumia vibaya. Nilipoiangalia mara ya kwanza nilidhani injini imeharibika. Isikilizeni vizuri: injini inanguruma mwanzo mpaka mwisho. Hakuna kilichoharibika. Hesabu ndiyo iliyokataa.

Karibu nusu gunia

Sasa mtu atasema hayo ni mambo ya marubani, sisi abiria na wapiga kura yanatuhusu nini? Subirini.

Mwaka 1996 kulikuwa na mtoto wa miaka saba huko Marekani, Jessica Dubroff. Familia ilitaka aweke rekodi ya mtoto mdogo kuliko wote kurusha ndege kuvuka nchi hiyo. Tarehe 10 Aprili waliondoka Half Moon Bay, California, kiwanja kilicho pale pale ufukweni, kwa Cessna 177B: mtoto, baba yake, na mwalimu wa urubani. Jioni wakalala Cheyenne, Wyoming. Cheyenne iko zaidi ya futi 6,100 juu ya bahari, juu kuliko Wilson.

Kesho yake asubuhi mvua ilikuwa inanyesha na dhoruba inaingia. Asubuhi ile ilikuwa ya baridi, kwa hiyo hata joto halikuwepo la kulaumiwa sana. Lakini vyombo vya habari vilikuwa vinangoja, mahojiano yamepangwa, ratiba imejaa. Wakapaa. Ndege ikashindwa kupanda, ikapoteza mwendo, ikadondoka karibu na uwanja. Wote watatu wakafa.

Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ilichunguza. Walihitimisha kwamba aliyekuwa anaongoza ndege ni mwalimu, si mtoto. Waligundua ndege ilizidi uzito kwa ratili 96 hivi, yaani kilo 40 na kitu. Karibu nusu gunia la mahindi. Walisema mwalimu alifanya uamuzi mbaya wa kupaa kwenye hali ya hewa inayozidi kuharibika, akiwa na uzito uliozidi na mwinuko wa hewa ambao hakuuzoea. Na kati ya yaliyochangia wakataja kitu ambacho hakina kipimo kwenye mizani: hamu ya kufuata ratiba iliyojaa kupita kiasi, kwa sehemu kwa sababu ya ahadi kwa vyombo vya habari.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho halafu ufikirie kampeni za hapa kwetu.

Siku mizani ilipopuuzwa

Binamu yangu alinisimulia kisa kimoja. Sitaji kampuni, sitaji mtu.

Ilikuwa mchana, jua limewaka. Mheshimiwa mmoja alikodi ndege ndogo kwenda mkutano huko juu, kwenye kiwanja cha vumbi kilicho juu zaidi ya Wilson. Alitakiwa kuja na watu fulani, akaja na wawili zaidi, tena na maboksi ya fulana za chama. Pale kwenye mizani rubani, kijana tu, akapiga hesabu yake kwenye karatasi, akairudia, akamsogelea. "Mheshimiwa, samahani, wawili wabaki pamoja na maboksi. Au tungoje jua lipungue." Mheshimiwa hakupiga kelele. Alisema tu, "Kijana wangu, watu wananingoja uwanjani tangu asubuhi," akatoa simu, akampigia mwenye ndege. Dakika ishirini baadaye akaja rubani mwingine. Wote wakapanda, na maboksi.

"Halafu?" nikamuuliza binamu. "Ilianguka?"

"Haikuanguka, mdogo wangu. Ilitumia njia yote mpaka mwisho, ikapita juu ya ua kwa kimo cha kuku, ikaenda. Jioni ikarudi salama. Kesho yake yule kijana wa kwanza akawa anachekwa pale kantini. Wanamwita Bwana Mizani."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nangoja ajali ili kisa kiwe na maana, kumbe ubaya wake ni kwamba haikutokea. Siku ile kila mtu alijifunza somo lisilo sahihi. Mheshimiwa alijifunza kwamba marubani waoga wanabadilishwa. Mwenye ndege alijifunza kwamba namba za kitabu zina nafasi ya kuvutwa. Rubani wa pili alijifunza kwamba anaweza. Na vijana wote waliokuwa kantini walijifunza kwamba ukisema hapana utapewa jina. Siku itakayokuwa na joto nyuzi tatu zaidi, au upepo wa nyuma kidogo, au mtu mmoja mnene, hakuna atakayesimama mbele ya mizani.

Msiniwekee maneno mdomoni

Najua kwenye maoni kuna atakayesema, "Wewe form four unawafundisha marubani kazi?" Hapana. Marubani wa Nairobi wanaijua hewa nyembamba kuliko marubani wengi duniani, manake wengine wamejifunzia kuruka hapo hapo Wilson; kwao hiyo ndiyo hewa ya kawaida. Pia ndege nyingi zinazobeba abiria kutoka pale, kama Caravan, zina injini za tabaini ambazo zinavumilia mwinuko vizuri kuliko zile za pistoni. Zinavumilia, lakini hazijasamehewa; bawa na propela bado vinatumia hewa ile ile.

Wala uwanja kuwa juu si laana. Addis Ababa iko mita 2,334 na ndege zinaruka kutwa kucha. El Alto kule Bolivia iko zaidi ya mita 4,000, na ndiyo sababu wameijengea njia ya kurukia ya kilomita nne. Lukla huko Nepal, lango la wapanda mlima Everest, iko mita 2,845 na njia yake ina mita 527 tu, tena imeinama kama paa. Wanaruka vipi? Wanapaa kwa kuteremka mteremko, wanatua kwa kuupanda, wanapendelea asubuhi, na mzigo unapimwa kwa ukali. Kwa ufupi wanaikubali hesabu, hawaibishii.

Hata pale Wilson mtalii anayekwenda Mara kwa ndege ndogo anaambiwa begi lisizidi kilo 15 na liwe laini. Mzungu aliyelipa maelfu ya dola anapimiwa begi lake na hanung'uniki. Anayenung'unika ni nani? Tunamjua.

2027 inakuja

Hapa ndipo siasa inapoingia. Agosti 2027 tunapiga kura. Kabla ya hapo, kwa miezi, anga ya nchi hii itajaa ndege na helikopta za kukodi, mikutano mitano au sita kwa siku, Nyahururu asubuhi, Kapsabet mchana, Kisii jioni. Angalia hayo majina: yote ni nyanda za juu. Mchana, wakati jua limewaka. Ndege imejaa, manake kila mheshimiwa ana mlinzi, msaidizi, mpiga picha na binamu. Na ratiba imechelewa tangu mkutano wa kwanza.

Historia yetu ipo. Tarehe 24 Januari 2003, wiki chache tu baada ya serikali mpya kuingia, ndege iliyobeba mawaziri kutoka sherehe ya kumkaribisha nyumbani mwenzao Moody Awori ilianguka punde baada ya kupaa kutoka kiwanja cha Busia. Waziri wa Kazi Ahmed Khalif akafa pamoja na marubani wawili. Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya jeshi la anga iliwaua watu 14 Marsabit, wabunge wakiwemo, wakienda kwenye mazungumzo ya amani. Tarehe 10 Juni 2008 Cessna 210 iliyotoka Wilson kwenda Kericho ilianguka upande wa Narok. Waziri Kipkalya Kones na Lorna Laboso wakafa pamoja na wenzao wawili. Tarehe 5 Juni 2018, hapo hakukuwa na siasa, Caravan iliyotoka Kitale ilipotea ikaja kupatikana kwenye milima ya Aberdare, watu 10 wote wamekufa.

Kila ajali ina sababu zake na siwezi kuzipachika zote hewa nyembamba. Mawingu na milima vilikuwa na sehemu yao. Lakini nchi ya milima na hewa nyembamba ni kitu kimoja. Mlima ukitokeza ghafla ndani ya wingu, kinachokuokoa ni uwezo wa ndege kupanda haraka, na huo ndio uwezo unaoliwa na mwinuko, joto na uzito. Akiba ile rubani aliyoitoa kwa ajili ya maboksi ya fulana ndiyo ambayo angeihitaji dakika arobaini baadaye.

Kwa hiyo mimi napendekeza mambo manne, na hayahitaji bajeti wala tume.

Kwanza, kila anayepanda ndege ndogo apimwe, mheshimiwa na mlinzi wake na bunduki ya mlinzi wake. Apimwe, asiulizwe. Hakuna mwanaume mwenye kitambi anayetaja kilo zake za kweli.

Pili, ndege ya nyanda za juu iondoke alfajiri au ingoje jioni. Hewa ya saa kumi na mbili asubuhi na ya saa saba mchana kwenye uwanja ule ule ni viwanja viwili tofauti.

Tatu, watu wakizidi, ndege iende mara mbili. Au ibebe mafuta ya kutosha safari na akiba yake tu, si tangi limejaa na viti vimejaa kwa pamoja. Ndege nyingi ndogo haziwezi vyote viwili hata zikiwa Mombasa, sembuse Eldoret.

Nne, na hili ndilo kubwa: rubani akishasema hapana, mwenye ndege asiruhusiwe kumbadilisha kwa safari ile ile na mzigo ule ule. Sheria ya anga inasema mwenye mamlaka ya mwisho ndani ya ndege ni rubani. Lakini mamlaka hayo yana maana gani ikiwa simu moja inaleta rubani mwingine? Mamlaka ya usafiri wa anga ikitaka kutusaidia kabla ya 2027, ianzie hapo. Rubani anayekataa aandike sababu, karatasi ibaki, na anayekuja kuchukua nafasi yake aisome na kutia sahihi.

Na sisi nasi tuna kazi. Mheshimiwa akichelewa mkutano saa mbili, tusizomee. Huenda kuna kijana huko Wilson amesimama mbele ya mizani na karatasi yake, amesema tungoje jua lipungue, na kwa mara moja amesikilizwa. Tungoje. Tumengoja makubwa zaidi kutoka kwa hawa watu.

Nilimuuliza binamu yangu, Bwana Mizani yuko wapi siku hizi. Akasema aliacha, alipata kazi nje ya nchi, anarusha ndege kubwa. Nikamuuliza na yule wa pili? Akasema bado yupo, mtu mzuri tu, mcheshi, kila msimu wa siasa anatafutwa sana.

Dakika zangu zimeisha na huyu mwenye saiba ameanza kunitazama. Wenye ndugu marubani, wapakiaji, au mliowahi kuambiwa "wawili wateremke", tuandikieni hapo chini kilichofuata. Majina ya kampuni msiweke. Kilo wekeni.